Jina Langu Kwenye Ukurasa Wako wa Kwanza

Gisenyi, Jumapili jioni

Solange, mwanangu,

Mambo ya sweta, ya soksi nzito, ya kutokula ovyo njiani, mama yako ameyamaliza. Tangu mchana namsikia kutoka hapa mezani akikuagiza, na wewe unaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" kwa sauti ya mtu aliyeacha kusikiliza zamani. Mimi sina agizo la namna hiyo. Ubelgiji sijafika, baridi yake siijui, na kesho ukinisikia natoa ushauri juu ya treni, nikatize.

Nakuandikia kwa Kiswahili, usishangae. Kifaransa nilikifanya cha kuandikia makala, na Kinyarwanda changu, tangu turudi kutoka Goma, majirani wanakisikiliza huku wanazuia kicheko. Lakini ugomvi wote wa nyumba yetu ulikuwa wa Kiswahili, na mapatano yake pia. Nililo nalo leo lina ugomvi ndani yake, na naomba Mungu liwe na mapatano.

Bon. Nianze na furaha, maana ni nyingi, na nikianza na lile jingine nitashindwa kurudi huku.

Mama yako amekusimulia ile siku nilipotoka posta nikipanda kilima mbio, koti begani, mpaka akadhani kuna msiba. Wewe ulikuwa kwa shangazi yako kule Rugerero, kwa hiyo hukuona aibu niliyokutia njia nzima. Nilikuwa na kadi yako mkononi. Sisi watu wa kazi hii tuna desturi yetu: mtu wa mbali akiona mahali kichwa cha makala yako, na jarida lenyewe hana, anakutumia kadi ndogo ya posta, "Tafadhali nitumie nakala." Basi, na sahihi. Na kadi ile ilitoka Hungaria, Solange! Mtu wa Hungaria, asiyejua kama Nyamyumba ni mji au ni jina la ng'ombe, anataka kusoma habari za konokono wako wa maji ya moto! Ningewezaje kuificha? Nilimwonyesha kila niliyekutana naye, mpaka mchinjaji wa pale njia panda.

"Huyu anataka kumuoa binti yako?" akaniuliza.

"Hapana. Anataka makala yake."

Akaigeuza kadi, akaitazama stempu, akaigeuza tena. "Sasa unacheka nini, Papa Solange? Ata ng'ombe hajaleta."

Nilicheka mpaka nikaketi kwenye benchi lake. Makala moja tu, mwanangu, na tayari watu wa ng'ambo wanaiomba. Wiki chache baadaye zikaja mbili nyingine, moja ya Brazil. Nimezihesabu? Nimezihesabu. Baba yako anapenda sifa, hilo mama yako alishalitangaza mpaka kwa wanakwaya.

Lakini kadi zilinifurahisha tu. Kilichonifunga mdomo ni sentensi moja iliyomo ndani ya makala yenyewe, ile tuliyogombana juu yake hapa hapa mezani. Ulikuwa umekwenda Nyamyumba mwaka mzima, mara kwa pikipiki, mara kwa miguu, kipimajoto kwenye mfuko wa sketi. Akina mama wanaokaa pale wakichovya miguu kwenye maji ya moto walikuwa wakikuuliza, "Eh musichana, konokono yako iko na malaria?" nawe ukawa unawajibu kwamba homa imeshuka kidogo leo. Kisha mvua za mwezi wa nne zikakata njia, ukakaa nyumbani umekunja uso hadi mvua zilipokwisha. Ulipoandika makala, ukaweka waziwazi: mwezi wa nne hatukupima kwa sababu njia ilikatika, na hatujui konokono walikuwa na hali gani wakati huo.

Mimi nikakuambia uitoe sentensi hiyo. Unakumbuka. Nilikuambia wakubwa wa jarida wakiona shimo kama hilo watakurudishia kazi yako.

"Papa, siku zile sikupima. Niandike kwamba nilipima?"

"Sijasema uandike ulipima. Sema tu 'kwa mwaka mzima,' unyamaze. Nani wa Ulaya atakuja kuhesabu mvua za Nyamyumba?"

Ukaniangalia. "Mimi nilizihesabu."

Niliondoka mezani nikijifanya nimekasirika. Mama yako akakuambia uniombe radhi, nawe ukaja kuniomba radhi kwa adabu yako yote, na mimi nikaipokea! Nikaipokea, ayiwe, na haikuwa haki yangu. Sikuwa nimekasirika. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na ile aibu ndiyo inayoandika barua hii.

Orodha yangu unaijua. Makala tisa. Ulipokuwa mdogo, wageni wakija, watoto wa wenzangu waliimbishwa wimbo wa shule, wewe nilikusimamisha kwenye kigoda usome vichwa vya makala za papa wako, na Kifaransa chake chote. Masikini, ulikuwa unakwama palepale kila mara, kwenye jina la Kilatini la sambaza, wale samaki wetu wadogo wa Kivu, na mimi nilikuwa napiga makofi kuliko wageni.

Lakini sikuwahi kukueleza kwamba nane kati ya zile tisa hakuna anayezisoma. Najua kwa sababu nilitafuta. Safari ile niliyotumwa Nairobi kwenye mkutano, nilihudhuria siku ya kwanza tu. Siku mbili zilizobaki nilijifungia maktaba. Walikuwa na vile vitabu vinene vinavyoorodhesha dunia nzima nani amemtaja nani ndani ya makala yake, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nikawa nashuka na kidole, ukurasa baada ya ukurasa, nikilitafuta jina langu. Nilirudi nyumbani macho mekundu, mama yako akaniuliza nilikunywa nini.

Makala moja ndiyo iliyonibeba, ile ya mayai ya sambaza. Watu walikuwa wanaitaja mwaka hadi mwaka. Kila aliyetaka kujua sambaza wa Kivu wanazaana kwa kasi gani, na ziwa linaweza kuvuliwa kiasi gani bila kuisha, alichukua namba yangu ya majike wenye mayai akaendelea na safari yake. Nilipata barua za watu nisiowajua wakiniita "mwenzangu mpendwa." Kwa sababu ya makala ile nilipata kiti cha mkuu wa kituo chetu cha utafiti kule Goma, na kwa sababu ya kiti kile ulisoma shule nzuri.

Na namba ile si sahihi, Solange.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana nimejieleza mwenyewe kwa miaka mingi kwa namna ya kujipendelea, na leo nataka kueleza kama ilivyo.

Kila asubuhi nilikuwa nateremka pwani ya Goma mitumbwi ya taa inaporudi, nachukua kibakuli cha sambaza kwa Mama Chantal, yule muuza samaki aliyekuwa anakupa karanga. Napanda nao kituoni, nawapasua mmoja mmoja, nahesabu majike wangapi wana mayai. Mwaka mzima. Mama yako hakuwahi kuninyima chakula, ila kitanda alininyima mpaka nioge mara mbili.

Sasa, mvuvi wa sambaza anawaita samaki kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, samaki hawaifuati, basi wavuvi wanakaa nyumbani, wanashona nyavu, wanalala, wanakunywa. Kila mtoto wa ziwa hili anajua hilo, na mimi nilijua. Nisichotaka kujua ni maana yake kwangu. Kila mwezi, zile siku za mwanga, Mama Chantal hakuwa na samaki, na mimi sikuwa na samaki. Nilikuwa nawajua sambaza wa giza tu.

Yeye ndiye aliyeniambia, yule mama ambaye hakumaliza hata darasa la tatu. Asubuhi moja ananipimia kibakuli changu, akasema, "Papa Solange, mwezi ikiwa mukubwa bavuvi banalala, na we unalala pamoja nabo. Zile siku samaki iko inafanya nini? Nani anajua?"

Nikamjibu kwa Kifaransa. Kirefu, chenye maneno ya kitabu, makusudi asielewe. Akaongeza samaki wawili juu ya kibakuli kama kawaida yake, akanitazama.

"Minasikia yote. Bazungu nabauzia samaki kuanzia we ukiwa mutoto. Haukujibu."

Kweli sikujibu. Mkuu wa kituo alikuwa anastaafu, na aliyetaka kiti chake alitakiwa awe na makala mbili mpya kabla ya mwaka kwisha. Nilikuwa nayo moja. Ili kupata samaki wa mwezi mpevu, ilinipasa nitege nyavu zangu mwenyewe, nilale mtumbwini, nianze mwaka upya. Nikapiga hesabu zangu, nikaketi, nikaandika: "Samaki walichukuliwa siku zote za mwezi, kwa mwaka mzima."

Hiyo ndiyo sentensi yangu. Iweke kando ya ile yako ya mvua, uzitazame zote mbili.

Makala ikatoka, kiti nikakipata, kadi zikaanza kumiminika. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilianza na maji, sifa zikaja baadaye, kisha nikaogopa mtu asije akaonja.

Akaja aliyeonja. Hapa, mwanangu, ndipo pabaya kuliko pote, na kama umesimama tafuta kiti.

Unajua jinsi majarida yanavyofanya kazi. Makala ikifika, mhariri anaipeleka kwa watu wawili wanaoijua kazi ile, waisome kwa siri, waseme ipite au isipite. Wao wanamjua mwandishi, mwandishi hawajui. Basi siku moja nikaletewa bahasha. Mwandishi alikuwa kijana wa Bukavu, anaitwa Tharcisse. Alikuwa ametega nyavu zake mwenyewe miaka miwili, siku za giza na siku za mwanga, akawapasua, akahesabu. Na siku za mwezi mpevu, akakuta majike wenye mayai ni wengi kupita kiasi, wengi kuliko nilivyowahi kuandika mimi. Jedwali zake zilikuwa safi, zimepigwa kwa taipu iliyokosa herufi moja, naye akaijazia ile herufi kwa mkono kila mahali. Na heshima! Aliandika tu kwamba tofauti kati ya kazi yake na yangu "huenda" imetokana na siku za kupima. Huenda. Alikuwa amenishika mkono wangu ukiwa mfukoni mwa mtu, na bado ananiuliza kama huenda nimepotea njia.

Nilijua ana haki kabla sijafika ukurasa wa tatu.

Nikamwandikia mhariri nusu ukurasa. Nayakumbuka maneno yote, na utayasoma kwa sababu nimeapa kutokuficha kitu: "Mwandishi hana uzoefu wa kutosha na ziwa hili. Matokeo yake yanapingana na kazi inayotegemewa na wengi." Kazi inayotegemewa na wengi, Solange! Nilijileta mwenyewe kuwa shahidi kwenye kesi yangu mwenyewe, na bado nilikuwa hakimu.

Makala yake ikakataliwa. Miaka miwili ya kulala juu ya maji, mimi niliimaliza kwa nusu ukurasa na kikombe cha chai. Jioni ile nilikuja nyumbani nikakufundisha hesabu za sehemu, nikakupigia kelele kwa sababu ulikuwa umeandika jibu bila kuonyesha njia. Sijui kama unaikumbuka. Mimi naikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda.

Baada ya hapo, kila jarida lililofika kituoni nililifungua nyuma kwanza, kwenye orodha ya waandishi, nikitafuta jina lake. Nilitaka nilikute. Ningeliona mahali pengine popote, hata kwenye makala ya kunitukana, ningelala. Halikutokea. Baadaye nikasikia ameacha utafiti, anafundisha sekondari kule kwao.

Kisha yakaja yaliyokuja, vita juu ya vita; tukavuka mpaka, tukarudi nchi ambayo mimi niliijua kwa hadithi za mama yangu tu. Kiti nilichokipigania kilibaki upande wa pili, sijui nani anakikalia, wala kama bado kina miguu. Sasa na mimi ni mwalimu wa sekondari. Donc tuko sawa, Tharcisse na mimi, ila yeye alisukumwa.

Nilidhani nitakufa na siri hii, nikwambie kweli. Nilijisemea, dunia ina mambo makubwa kuliko mayai ya sambaza, na tulikotoka na tulikorudi tumeyaona hayo mambo makubwa. Ni kweli, ipo mikasa ambayo huwezi hata kuitaja siku moja na kosa langu. Nikajificha nyuma ya ukweli huo, na ni maficho mazuri, hakuna anayekufuata huko.

Mpaka wewe uliponiletea mradi wako wa doktora ya Ubelgiji, wa sambaza safari hii, si konokono.

Ulikuja nao umeufunga kwa utepe, kama mtu anayeleta zawadi ya harusi. Ukaniambia, "Papa, fungua ukurasa wa kwanza." Nikafungua. Mstari wa nne: jina langu, mwaka, na namba yangu. Na juu yake umeandika "kazi ya msingi." Miaka mitatu ya masomo yako, hesabu zako zote za samaki wangapi wavuliwe na wangapi waachwe, umevisimamisha vyote juu ya ile namba. Na profesa wako ameupenda mradi, na ndio uliokupatia nafasi.

Nilitoka nje, nikalia nyuma ya jiko. Mama yako akaja akaniona, akarudi ndani akikwambia, "Muache, ni furaha." Na ilikuwa furaha, Solange, nusu yake. Hakuna mtu aliyewahi kunitaja ambaye nilitaka anitaje kama wewe. Watu wote wa vile vitabu vya Nairobi, wakusanye pamoja, hawafikii mstari ule mmoja. Nusu nyingine ilikuwa hofu tupu. Kwa maana siku moja mtu atatega wavu kwenye mwanga wa mwezi, na ukuta wako wote utaanguka, na jina litakaloandikwa juu ya kifusi litakuwa lako. Au, na hili ndilo lililoninyima usingizi, mtu huyo utakuwa wewe. Maana nakujua. Utatega wavu. Utaona. Kisha utakaa peke yako katika nchi ya watu, mkononi una ukweli na mkono wa pili una baba yako, na hakuna wa kukushauri.

Mara tatu nimejaribu kukwambia kwa mdomo. Mara ya kwanza nikakuuliza kama umekula. Mara ya pili nikakusifu viatu. Mara ya tatu ulikuwa umelala, na ninashuku nilijua kwamba umelala.

Kwa hiyo nikaanza na yule niliyemkosea kwanza. Mwezi uliopita nilimwandikia Tharcisse. Nilimwambia yote, na kwamba ni mimi. Majibu yamefika Alhamisi, yameletwa na mama mmoja mfanyabiashara anayesafiri na mashua za Bukavu, pamoja na bahasha nene iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani ya bahasha ni jedwali zake zote, zile zile za taipu yenye herufi moja pungufu. Barua yenyewe ni fupi. Nakunakilia:

"Nilijua ni wewe. Nani mwingine angesema sina uzoefu wa ziwa nililozaliwa kando yake? Nilikukasirikia miaka mingi, halafu nikachoka, nikaoa, nikapata watoto. Karatasi ziko zote, panya wamekula ukurasa wa shukrani tu. Binti yako azitumie. Ataje jina langu, naomba hilo tu."

Niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye panya nikacheka, na nilipofika mwisho sikuwa nacheka tena.

Ijumaa nimekwenda posta na barua ya pili, ya kwenda kwa jarida lililochapa makala yangu. Nimekiri kwamba siku za mwezi mpevu sikupima, kwamba namba ile isitegemewe, na kwamba nilishauri kazi iliyonisahihisha ikataliwe. Karani akapiga muhuri, akaitupa kwenye mfuko, nikaitazama mpaka ikazama. Sijui watafanya nini nayo. Huenda wataichapa, huenda wataitupa kapuni. Wakiichapa, kuanzia hapo nitatajwa kwa kosa langu, na nitatajwa sana.

Sasa tuje kwako, kwa sababu gharama ya hili si yangu peke yangu, na siwezi kujifanya ni yangu. Profesa wako atauliza. Huenda atakuambia uanze upya, upoteze miezi, labda zaidi. Huenda wenzako watajua, na watakuangalia wewe wakimwona baba yako. Nimekupa namba mbovu, kisha nikakaa kimya wewe ukiijengea nyumba, na nakwambia usiku wa kuamkia safari. Nisamehe. Naliandika neno hilo bila kuongeza kitu nyuma yake, kwa sababu nimejaribu kuongeza na kila nililoongeza lilikuwa la kujitetea.

Ila siogopi juu yako. Huko unakokwenda watakuhesabu, mwanangu. Umeandika makala ngapi, umetajwa mara ngapi, na nani. Kuna watu watakaokuwa na orodha ndefu kama mkeka, na utajihisi mdogo, na mtu mmoja mwenye kiti kizuri atakuambia utoe sentensi fulani ili mambo yaende. Atakuwa na sauti nzuri ya kibaba, kama yangu. Wewe umeshamjibu mtu huyo. Ulimjibu ukiwa mezani kwake, ukila chakula chake, na yeye ndiye aliyekulea. Mwingine atakuweza wapi?

Najivunia wewe mpaka naudhi watu, muulize mchinjaji. Lakini fahari iliyo ndani kabisa haitokani na kadi wala na Ubelgiji. Nilikufundisha kusoma orodha yangu ukiwa juu ya kigoda, na wewe ukajifunza kitu ambacho hakikuwemo kwenye orodha. Sijui ulikitoa wapi. Kwa mama yako, labda. Yewe, usimwambie nimekubali.

Yeye ameshaisoma barua hii hadi hapa, sikuweza kumficha, anaujua mgongo wangu ninapoandika uongo na ninapoandika kweli. Alizipanga karatasi vizuri mezani. Kisha akaniuliza mimi, si wewe, kama nimekula. Ushauri wake ni kwamba niitie ndani ya sanduku lako, chini kabisa, chini ya yale masweta, uikute ukishafika, uwe umetulia, na mimi niwe mbali. Ni ushauri wa mtu anayenipenda, na kwa dakika kumi nzima niliukubali. Nilishafungua sanduku. Halafu nikajua ninachofanya: hiyo ingekuwa bahasha nyingine ya siri, na mimi tena niko mahali ambapo anayeumia haoni uso wangu.

Kwa hiyo haiendi sandukuni. Bahasha ya Tharcisse iko hapa juu ya meza, na juu yake mradi wako, ile nakala uliyoniachia. Nimechukua kalamu ya wino. Mstari wa nne nimelikata jina langu mimi mwenyewe, kwa sababu si kazi ya kukuachia wewe. Palipobaki nimeandika la Tharcisse, herufi zote, kama linavyoandikwa.

Gari lako ni saa moja. Saa kumi na moja nitagonga mlango wako nikuletee chai na barua hii, nitavuta kiti nikae, nisubiri umalize kusoma. Kisha useme, Solange. Lolote utakalosema, nitakuwa hapo mbele yako nikilisikia.

Papa